Kinyonga hafuati rangi ya kanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe masahihisho, na pamoja nayo ombi moja, kuhusu makala mliyoichapa wiki mbili zilizopita katika ukurasa wa elimu, iliyoeleza jinsi wanyama wanavyojificha na kujifananisha na vitu vingine ili wasiliwe. Nilifundisha baiolojia katika shule za sekondari kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na ninajua kuwa makala za namna hiyo ni adimu katika magazeti yetu ya Kiswahili. Ndiyo maana niliisoma mara mbili, na ndiyo maana makosa yake yamenikera kuliko ambavyo yangenikera kama ingekuwa habari ya usajili wa wachezaji.

Mwandishi wenu alisema kwamba kinyonga huchukua rangi ya kitu chochote anachokikanyaga. Karibu kila mtu anaamini hivyo, na pengine nisingeshika kalamu kama si jambo nililolikuta Jumatatu iliyofuata hapa Kinyerezi ninapoishi. Watoto watano hivi wa shule ya msingi, wakiwa na sare zao, walikuwa wamemzingira kinyonga aliyekwama katikati ya ukuta wa matofali uliopakwa chokaa nyeupe, nao wanamrushia kokoto huku mmoja akimwamuru kwa sauti: “Badilika! Kuwa mweupe!” Kinyonga hakuwa mweupe hata kidogo. Alikuwa amekaribia kuwa mweusi, mwenye madoa ya manjano ubavuni, amejijaza upepo mpaka mbavu zimetuna, vipande viwili vya ngozi vya kisogoni vimesimama kama masikio, na kinywa kiko wazi. Nilimpandisha kwenye kijiti nikampeleka kwenye michongoma iliyo nyuma ya nyumba yangu, na yule mtoto aliyekuwa akitoa amri akanifuata. “Shikamoo babu,” akasema. “Mbona amekataa?”

Nilimjibu, na ninaomba jibu hilo liwafikie na wasomaji wako. Kinyonga hakukataa kitu, kwa sababu hakuwahi kuwa na uwezo huo tunaomsingizia. Rangi yake hubadilika kwa sababu ya joto na baridi, kwa sababu ya hofu na hasira, na zaidi ya yote kwa sababu ya mazungumzo baina yake na vinyonga wenzake: dume humtisha dume mwenzake kwa rangi, na jike humwarifu dume kwa rangi kwamba hamtaki. Asubuhi yenye baridi huwa na rangi iliyokolea ili apate joto la jua upesi. Akitishwa na watoto wenye kokoto hukolea pia, si kwa ajili ya kujificha, bali kwa ajili ya kutisha. Ukuta ule mweupe haukumhusu.

Nilipokuwa kazini nilizoea kumweka kinyonga juu ya kanga nyekundu mbele ya darasa na kuwaacha wanafunzi wasubiri hadi kipindi kiishe. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akiwa mwekundu, wala hakuwahi kutoa jina la kanga mgongoni. Mwaka 2008 watafiti wawili, Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu vinyonga wadogo wa kusini mwa Afrika, wakiwa wamelinganisha aina zinazobadilika sana na zile zinazobadilika kidogo. Kama kazi ya kubadilika ingekuwa kufuata mandhari, basi aina zinazoishi penye mandhari za kila namna ndizo zingekuwa hodari zaidi. Haikuwa hivyo, hodari walikuwa wale ambao madume yao hujionyesha kwa rangi kali zaidi mbele ya wenzao. Na mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza namna jambo hilo linavyofanyika katika ngozi ya aina moja ya kinyonga wa Madagaska: chini ya tabaka lenye rangi ya manjano kuna seli zilizojaa fuwele ndogo mno, ambazo zikikaribiana huakisi mwanga wa buluu, na buluu hiyo ikipita katika manjano tunaona kijani, fuwele zikiachana, mwanga unaoakisiwa huelekea kwenye manjano na wekundu.

Sisemi kwamba kinyonga hajifichi. Anajificha kwa ustadi mkubwa, ila ustadi wenyewe uko mahali pengine kabisa. Akiwa ametulia, rangi yake ya kawaida ni kijani au kahawia, yaani rangi ya mahali alipozoea kukaa. Mwili wake umebanwa ubavu kwa ubavu kama jani. Akitembea hupiga hatua, hurudi nyuma kidogo, huyumba, hupiga tena, na mtu asiyemjua angedhani ni jani linalochezewa na upepo. Ukimkaribia huzunguka taratibu hadi tawi liwe kati yako na yeye. Haya yote makala haikuyataja, nayo ndiyo yanayomlinda.

Kama mwandishi wenu alitaka mnyama anayefuata kweli rangi ya anachokikanyaga, hakuwa na haja ya kwenda mbali na Dar es Salaam. Angemtafuta pweza. Ngozi ya pweza ina maelfu ya vifuko vidogo vya rangi, na kila kifuko kimezungukwa na misuli inayopokea amri kutoka kwenye neva; misuli ikivuta, kifuko hutanuka na rangi huonekana, ikilegea, rangi husinyaa ikawa nukta. Kwa kuwa kazi hiyo ni ya neva, hukamilika chini ya sekunde moja, na juu ya hapo pweza huinua vinundu kwenye ngozi ili ifanane na mwamba wenye mikunjo. Wanaodamka kwenda soko la samaki la Feri wamewahi kuona pweza aliyekwisha kufa, yuko kwenye beseni, na bado madoa yanawaka na kuzima ngozini mwake. La kustaajabisha zaidi ni kwamba jicho la pweza lina aina moja tu ya kipokezi cha mwanga, na vipimo vingi vinaonyesha kuwa hatofautishi rangi kama sisi. Mnyama asiyeona rangi ndiye bingwa wa rangi, na sisi sifa zake tumempa kinyonga, labda kwa sababu kinyonga anatufaa tunapotaka kuwasema wanasiasa.

Kosa la pili ni dogo, nalo nitalipitia haraka. Makala ilisema mistari ya pundamilia humficha katika nyasi ili simba asimwone. Kwa muda mrefu hata walimu tulifundisha hivyo. Lakini Tim Caro, ambaye alifanya utafiti kwa miaka mingi hapa nchini, hasa Katavi, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 2014 ulinganisho wa pundamilia, farasi na punda wa sehemu mbalimbali za dunia, wakaona kwamba mistari inaendana na wingi wa nzi wanaouma, wakiwamo mbung’o, kuliko inavyoendana na misitu au simba. Baadaye, mwaka 2019, yalitoka matokeo ya jaribio la kuwavika farasi nguo za mistari huko Uingereza: nzi waliwakaribia kama walivyowakaribia farasi wengine, lakini walipofika karibu walishindwa kutua. Basi pundamilia anajikinga na nzi, si na simba.

Ninataja jambo hili kwa kuwa tamaa ya kuona maficho katika kila rangi ni ya zamani, na imewaponza watu wakubwa kuliko mwandishi wenu. Mchoraji mmoja Mmarekani, Abbott Thayer, alieleza vizuri sana mwaka 1896 kwa nini wanyama wengi wana mgongo wenye rangi iliyokolea na tumbo jeupe. Nenda tena pale Feri ukamtazame jodari au nguru: anayemtazama kutoka juu huona mgongo mweusi juu ya kina cheusi, na anayemtazama kutoka chini huona tumbo la fedha dhidi ya mwanga wa juu. Hoja hiyo imesimama hadi leo. Lakini Thayer hakujua pa kuishia. Alifika kudai kwamba hata heroe, wale ndege wa waridi tunaowajua wa Ziwa Natron, wana rangi ile ili wasionekane wakati jua linapochwa, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, akamcheka hadharani. Heroe hupata wekundu wake kutoka kwenye chakula chake, na ukitaka kumwona mchana kutwa humkosi.

Sasa nije kwenye upande wa kujifananisha, ambako makala ilisema kidogo mno, ingawa mifano iko katika nyua zetu. Mwaka 1862 Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekuwa amekaa miaka 11 katika misitu ya Amazon, alieleza jambo alilolishangaa kuhusu vipepeo: aina mbili zisizo na undugu wa karibu zilikuwa zimefanana hata akazichanganya mwenyewe. Moja ilikuwa chungu kwa ndege, nyingine haikuwa na kinga yoyote isipokuwa sura ya jirani yake. Hapa Dar es Salaam unaweza kuliona jambo hilohilo kwenye kiwanja chochote chenye magugu. Yuko kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa zikiwa nyeusi zenye madoa meupe, arukaye polepole kama asiye na haraka na mtu. Hana sababu ya kuharakisha: alipokuwa kiwavi alikula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na ndege aliyemwonja mara moja hasahau. Kando yake utamkuta mwingine aliyefanana naye karibu kila doa, ambaye hana sumu hiyo. Huyo ni jike wa aina nyingine kabisa, na dume wake wala hafanani naye, kwani yeye ni mweusi mwenye mabaka meupe yaliyozungukwa na buluu ya zambarau.

Wanafunzi wangu waliuliza kila mwaka kwa nini vipepeo wote wasiige, maadamu kuiga kuna faida. Nilikuwa nikiwajibu kwa mfano wa noti bandia. Noti bandia hupita mikononi pale tu noti halali zinapokuwa nyingi. Bandia zikizidi, kila muuza duka ataanza kuinua noti juu kuitazama kwenye mwanga. Ndege naye ni hivyo. Akikutana na vipepeo wa chungwa walio watamu mara tatu mfululizo, onyo la ile rangi limekufa, na wa kweli na wa bandia wataliwa pamoja.

Mwezi wa nne mwaka huu jirani yangu aliniita kwa kelele: “Mwalimu, njoo, nyoka kwenye maua!” Nilimkuta ameshika galoni la mafuta ya taa tayari kummwagia. Juu ya olianda yake alikuwapo kiwavi wa kijani, mnene kama kidole gumba, mwenye mstari mweupe wenye vidoa ubavuni na kapembe kafupi nyuma. Alipoguswa na jani alikunja kichwa ndani, akavimbisha mabega, na juu ya mabega hayo yakafunguka macho mawili makubwa ya buluu yenye weupe katikati, yaliyotukodolea. Si macho; ni madoa tu ya ngozi. Macho yake halisi ni nukta ambazo huwezi kuziona bila kuinama. Kiwavi huyo haumi, hawashi, na baada ya wiki chache huwa nondo (namaanisha mdudu, si chuma cha ujenzi) mwenye mabawa ya kijani na waridi kama marumaru. Jirani yangu alicheka, akarudisha galoni ndani. Lakini nilijiuliza ni mara ngapi galoni halirudishwi.

Hapo ndipo ilipo shida ya kujifananisha na kitu cha kutisha katika mji wa watu: kinachomfukuza ndege humwita mtu mwenye rungu. Yuko nyoka mla mayai, ambaye chakula chake ni mayai ya ndege pekee na ambaye hana meno ya kumdhuru mtu, lakini madoa yake yanafanana na ya nyoka wenye sumu, na akibanwa hujikunja na kusugua magamba yake hadi yatoe sauti ya kukwaruza. Ukukwi naye ni wa kijani kama mamba wa kijani, yule nyoka hatari anayekaa kwenye miembe na mikorosho ya pwani yetu. Simlaumu mzazi aliyemwua nyoka chumbani mwa mtoto, na sitaki mtu yeyote ajifunze kutofautisha nyoka kwa kuwashika. Kujificha kunafanya kazi pande zote mbili: yuko nyoka mwembamba wa kijivu anayekaa kwenye matawi makavu, sehemu ya mbele ya mwili ameinyoosha hewani kama kijiti, naye sumu yake haina dawa. Robert Mertens, bingwa wa Kijerumani wa elimu ya nyoka na mijusi, alikufa mwaka 1975 baada ya kuumwa na nyoka wa jamii hiyo aliyekuwa akimfuga. Ninachosema ni kwamba nyoka aliye mtini, ambaye hakumfuata mtu, aachwe mtini, na watu wasogee.

Kosa la tatu ndilo lililonisumbua zaidi, ingawa ni la maneno tu. Kila mahali makala ilisema mnyama “huamua”, “hupanga”, “hufanya hila”. Ninaelewa kwamba Kiswahili kinatualika kusema hivyo. Hata mimi katika barua hii nimesema kinyonga anajificha, kana kwamba amekaa akafikiri. Lakini mtoto akisikia kwamba kiwavi “anadanganya”, na kinyonga ni “mwongo”, haiko mbali kutoka hapo hadi kwenye yale tunayoyasikia mitaani, kwamba viumbe hawa wametumwa, wana mkosi, wana kitu. Vunjajungu anayekaa kama jani bichi amepewa jina hilo kwa imani kwamba ukimgusa utavunja chungu. Huo ni mzaha usiomwumiza mtu. Kokoto si mzaha.

Hakuna mnyama aliyeamua. Walizaliwa wengi wenye tofauti ndogo ndogo, walioonekana wakaliwa, wasioonekana wakazaa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa nondo wa Uingereza ambao zamani karibu wote walikuwa weupe wenye vidoa, wakifanana na magome yenye kuvu. Mwaka 1848 alikamatwa mmoja mweusi huko Manchester, na viwanda vilipozidi kufukiza na magome yakawa meusi kwa masizi, kufikia mwaka 1895 karibu 98 kati ya kila nondo 100 wa mji huo walikuwa weusi. Hakuna nondo aliyejipaka masizi. Ndege waliwaokota weupe kwa kuwa weupe ndio walioonekana. Hewa iliposafishwa kuanzia katikati ya karne iliyopita, weupe wakaongezeka tena.

Na hili linanirudisha kwenye ule ukuta. Rangi ya kinyonga wetu ilichujwa kwa vizazi visivyohesabika katika vichaka na miti ya pwani, na haina faida yoyote mahali ambapo majani hayapo. Nilipohamia Kinyerezi, mitaa mizima ilikuwa imezungushiwa michongoma. Leo tumeing’oa karibu yote, tumejenga kuta za matofali, tumezipaka chokaa, na kinyonga anayetaka kuvuka kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine hupita juu ya weupe huo mchana, polepole kama alivyoumbwa, mbele ya kunguru na mbele ya watoto wanaotoka shule. Ninaelewa kwa nini watu wanajenga kuta. Mimi mwenyewe nimejenga upande wa barabarani baada ya kuibiwa mara mbili. Ombi langu ni kwamba wenye nafasi waache walau upande mmoja wa uzio uwe mti hai, na kwamba walimu watumie dakika chache kumwonyesha mtoto kinyonga kabla hajaonyeshwa na wenzake jinsi ya kumpiga.

Kwako Mhariri nina jambo moja zaidi. Picha iliyopamba makala ilikuwa ya kinyonga wa Madagaska mwenye mistari ya buluu na nyekundu, ambaye hapatikani Tanzania. Nchi yetu ina vinyonga wengi wa kwake, hasa katika milima ya Usambara na Uluguru, na mmoja yuko kwenye michongoma yangu. Mpigapicha wenu anakaribishwa siku yoyote, ila ningemshauri aje usiku na tochi. Kinyonga akilala hupauka, na mwanga ukimgusa huonekana waziwazi katikati ya majani meusi, mkia ameukunja.

Mwalimu mstaafu,
Kinyerezi, Dar es Salaam